Kukaa Matanga ya Kadi: Mwongozo kwa Mwenye Deni Aliye Ughaibuni

Kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii nimeisikia tangu utotoni Tanga, na kila aliyeitamka aliitamka kwa kutisha: usikope, utakuja kulia. Mimi nimelipa deni la kadi kwa miezi 26 hapa Houston, Texas, na sasa naiona methali hiyo kuwa ni maelekezo ya kazi. Kulipa ni matanga, basi kaa matanga. Yakae kama yanavyokaliwa kwetu, kwa mikeka na masufuria, kwa watu, kwa hesabu ya siku, na kwa siku ya kuanua tanga. Wengi wetu tunaishiwa nguvu njiani kwa sababu tunalia peke yetu bafuni, halafu tunajipaka wanja na kutoka kana kwamba hakuna aliyekufa.

Harusi yenyewe naipita haraka, kila mtu anaijua. Inaanza kwa kadi, kama harusi zote. Septemba 1958 Bank of America ilipeleka kadi 60,000 kwa watu wa Fresno, California, na hakuna aliyekuwa ameziomba. Zilifika kwa posta kama mwaliko: jina lako limeshaandikwa, ukumbi upo, pilau ipo, mchango utatoa baadaye. Tangu hapo mialiko haijakoma.

Mimi niliingia ukumbini kwa mlango wa msiba. Juni 2023 baba alifariki alfajiri ya Alhamisi, na Houston bado ilikuwa Jumatano usiku. Sikuwa na akiba. Nilikata tiketi kwa kadi, nikalipia kwa kadi ile ile vitu ambavyo mtoto aliye Marekani hawezi kuvikwepa, na niliporudi, wiki tatu ambazo sikufanya kazi zilidai kodi ya nyumba. Nayo ikaingia humo humo.

Nilipokuwa Doha nikisubiri ndege ya Dar, kaka yangu alinitumia sauti aliyoirekodi makaburini. Baba mdogo alisimama mbele ya watu akasema: "Mwenye kumdai marehemu ajitokeze, sisi warithi wake tutalipa." Wakajitokeza wawili, fundi wa baiskeli na mwenye duka. Walilipwa kabla ya magharibi. Nilifika Tanga Jumamosi, siku ya tatu. Hitima ilikuwa imeshasomwa na wanawake walikuwa wanaanua tanga, wanakunja mikeka na kusugua masufuria kwa jivu. Nilisaidia kukunja mkeka mmoja.

Sauti ile ya baba mdogo ndiyo iliyonifundisha kulipa. Deni la maiti linatangazwa hadharani mchana kweupe, na hakuna anayemdharau marehemu kwa hilo. Kwa nini basi aliye hai afiche lake?

Kwa hiyo anza kwa kutangaza msiba. Kwetu habari ya kifo hainong'onwi, inapita kwenye kipaza sauti cha msikiti. Huhitaji kipaza sauti, ila unahitaji masikio mawili, moja la nyumbani na moja la hapa ulipo. Itaje hesabu yote kwa sauti, usiseme "nina kadeni kidogo." Mimi nilimpigia dada yangu nikasema dola 8,600. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Pole, mdogo wangu. Marehemu ameacha watoto wangapi?" Nikamjibu watatu. Mdogo dola 650, kadi ya duka nililonunulia kitanda. Wa kati dola 1,750, matengenezo ya gari. Mkubwa dola 6,200, tiketi na yaliyofuata. Tulicheka mpaka akakohoa, na usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu nirudi, nililala bila kushtuka saa tisa.

Sisi Waislamu tuna mzigo wa ziada hapa. Neno riba kwetu si la kihasibu tu, lina uzito wa dhambi, na aibu yake ndiyo inayotufunga midomo. Nakusihi usiiache aibu hiyo ikukalie kimya. Ukiona umeingia mahali usipopataka, kutoka haraka ndiyo heshima iliyobaki, na huwezi kutoka haraka ukiwa umejificha. Tena hukufiwa peke yako. Agosti 2023, mwezi ule ule niliotandika mkeka wangu, benki kuu ya New York ilitoa taarifa kwamba madeni ya kadi ya Wamarekani yamevuka dola trilioni 1 kwa mara ya kwanza. Msiba wa mji mzima huo.

Kisha tandika mkeka. Nasema mkeka hasa. Wangu ni wa ukindu, nilirudi nao kutoka Tanga. Nilipotoka zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, niliutandaza sebuleni, nikapanga juu yake barua zote za benki, hata zile ambazo sikuwa nimezifungua, nikakaa chini. Mezani mtu anakuwa karani, lakini mkekani ni mfiwa, na mfiwa ana ruhusa ya kukaa na jambo mpaka alielewe.

Katika kila taarifa ya mwezi tafuta kisanduku kimoja. Sheria ya kadi ambayo Barack Obama aliitia saini Mei 2009 inailazimisha benki kukuandikia humo mambo mawili: utamaliza lini ukilipa kiwango cha chini tu, na ulipe kiasi gani kila mwezi ili umalize kwa miaka 3. Hesabu ya mkubwa wangu, mwenye riba ya asilimia 24 kwa mwaka, ni hii. Kiwango cha chini kilikuwa asilimia 1 ya deni pamoja na riba ya mwezi, bila kushuka chini ya dola 35. Kwa mwendo huo ningelipa kwa zaidi ya miaka 18, na dola 6,200 zingekuwa kama dola 17,000. Kwa miaka 3 nilitakiwa kutoa dola 243 kwa mwezi. Tofauti kati ya dola 186 za chini za mwezi wa kwanza na dola 243 ni dola 57. Lakini zile 186 hupungua kila mwezi kadiri deni linavyopungua, na hapo ndipo mtego ulipo: kila mwezi unaombwa kidogo zaidi, unashukuru, na miaka inakwenda. Nilikaa na karatasi ile mkononi muda mrefu. Baba alifariki na miaka 71. Ningelipa tiketi ya msiba wake mpaka aliyezaliwa mwaka ule aanze kupiga kura.

Sasa mjue mla matanga. Kila msiba una mtu wake, haijulikani ni ndugu wa nani, anafika wa kwanza kwenye sinia na haondoki. Katika msiba wa kadi ndiye riba, naye hali kwa mwezi, anakula kila siku. Chukua deni, zidisha kwa asilimia 24, gawa kwa siku 365. Kwa mkubwa wangu alikuwa akila dola 4 na senti 8 kila siku, Idi na Krismasi zikiwemo. Nilimwekea kikombe mezani, kikombe kikubwa cha chai, nikaandika 4.08 kwenye kipande cha karatasi na kukibandika. Nikajiahidi kwamba akishuka chini ya dola 3 nampunguzia, atanywea kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono cha wauza kahawa wa Tanga. Akishuka chini ya dola 1 atapewa kijiko. Fanya hivi hata kama wageni watakushangaa. Deni la dola 6,200 halina sura, lakini mtu anayekunywa chai yako kila asubuhi unamwona, na unamtaka atoke.

Kwa kuwa anakula kila siku, lipa mapema na kwa vipande. Mshahara wangu huingia tarehe 15 na mwisho wa mwezi. Nilitoa dola 215 kila unapoingia, kabla ya kununua hata kitunguu, na jumla ikawa 430 kwa mwezi. Dola inayofika tarehe 15 inamnyima sahani kuanzia siku hiyo, haingoji mwisho wa mwezi.

Kuhusu nani atangulie kulipwa, wenye hesabu watakwambia umalize kwanza kadi yenye riba kubwa, na kwa hesabu wako sahihi. Mimi nilianza na mdogo, wa dola 650, ingawa riba yake ilikuwa asilimia 19. Kuchagua hivyo hakukunigharimu zaidi ya dola 70 kwa safari nzima, nami nazihesabu kuwa dola 70 nilizozitumia vizuri kuliko zote. Mwaka 2012 David Gal na Blakeley McShane wa Chuo Kikuu cha Northwestern walichapisha utafiti juu ya watu waliokuwa wakijitoa kwenye madeni ya kadi, wakaona kwamba aliyefunga akaunti nyingi zaidi kati ya zake ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa ya kumaliza yote, hata kama akaunti hizo zilikuwa ndogo. Naliamini hilo kwa mwili wangu. Mwezi wa nne wa kulipa mdogo alizikwa, na asubuhi yake nilikwenda kazini nikiimba.

Kadi zenyewe zivishe sanda. Sikuzikata zote wala sikufunga akaunti ya zamani kabisa, kwa sababu Marekani umri wa akaunti huhesabiwa kwenye alama za mkopaji, na alama hizo ndizo mwenye nyumba anazoangalia kabla ya kukupangisha. Nilitafuta kitambaa cheupe cha pamba, kile ambacho bibi zetu walikiita marekani, kwa sababu kililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, katika karne ya 19. Nikazishonea ndani, mishono midogo ya karibu karibu. Anayetaka kununua viatu kwa kadi hizo lazima kwanza atafute mkasi na afumue sanda, na dakika hizo zinatosha kumrudisha mtu akilini. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester wa MIT walionyesha kwamba wanafunzi waliojua watalipia tiketi za mpira wa kikapu kwa kadi walikubali kutoa karibu mara mbili ya waliojua watalipa taslimu. Kadi inaifanya pesa iwe ya mtu mwingine. Sanda inakukumbusha kwamba ni yako.

Sasa nifike penye uzito wote.

Mwezi wa kwanza una joto, na mwezi wa mwisho unajikimbiza wenyewe. Mtu anakufa moyo katikati. Mimi ilinikuta mwezi wa tisa wa kulipa, Aprili 2024. Nilikuwa nimeshatoa dola 3,870 za jasho, za zamu za usiku, za kuwageuza wazee kitandani mgongo ukiniuma, na nilipotazama, deni lote lilikuwa bado dola 6,080. Lilikuwa limepungua dola 2,500 na kidogo tu. Zilizobaki zililiwa. Kikombe mezani kilikuwa kile kile cha chai. Siku hiyo nilichukua mkasi, nikakaa na ile sanda mapajani. Sikuifumua, lakini nilikaa nayo.

Matanga ya kweli yana dawa ya hali hii. Siku ya kwanza nyumba inajaa, siku ya tatu tanga linaanuliwa, watu wanakwenda zao, na mfiwa anabaki na ukuta. Wazee walilijua hilo, ndiyo maana wakaweka arobaini. Watu wanaijua siku ya kukurudia. Kati ya hapo na pale unavumilia, kwa sababu unajua mlango utagongwa.

Niliacha kuhesabu miezi 26. Nikaanza kuhesabu arobaini. Safari yote ni arobaini 20 kasoro siku chache, na hakuna hata moja ambayo mtu hawezi kuimaliza. Kila siku ya arobaini nilikanda mandazi, nikachemsha chai ya tangawizi, nikatandika ule mkeka, nikawaita wenzangu wawili wa kazini, mmoja wa Kisumu na mwingine wa Bukavu. Kiswahili chetu kinapishana mara tatu katika sentensi moja, lakini neno deni ni lile lile. Nilisoma mbele yao nilicholipa na kilichobaki. Yule wa Bukavu naye akaanza kuleta karatasi zake. Kwenye arobaini ya tatu tulikuwa tumekaa wafiwa watatu, na sukari ilikuwa inaisha haraka.

Usianze arobaini ya kwanza na karatasi tupu. Andika kwanza malipo uliyokwisha kutoa kabla ya kujipanga, hata kama ni mawili. Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha mwaka 2006 jaribio walilolifanya mahali pa kuoshea magari. Walitoa kadi 300. Nusu zilihitaji mihuri 8 ili mtu apate kuoshewa bure. Nusu nyingine zilihitaji 10, lakini 2 zilikuwa zimeshagongwa. Kazi ni ile ile, kuoshewa mara 8. Waliomaliza kadi za kwanza ni asilimia 19. Waliomaliza zile zilizoanza na mihuri 2 ni asilimia 34. Aliyekwisha kuanza hapendi kuacha. Jipe mihuri yako.

Halafu kuna nyumbani. Hakuna mwongozo wa Kimarekani utakaokwambia hili, kwa sababu waandishi wake hawamo katika kundi la WhatsApp la ukoo. Utakuwa katikati ya arobaini ya tano, umejibana hadi unakula ugali na mchicha siku nne mfululizo, na simu italia: kamati ya harusi imekaa, wewe uliye Marekani umeandikiwa dola 200. Usizime simu, wala usikope ili uchange, maana hapo utakuwa unatoa mchango wa harusi ya mtu kwa kuongeza msiba wako. Na mama usimkatie. Mpangie kiasi ambacho huwezi kukikosa, kidogo lakini cha tarehe ile ile, na hicho kisiguswe. Kwa wengine sema ukweli mapema, kabla kamati haijakaa.

Mimi nilimwandikia mjomba: "Shikamoo mjomba. Nina deni la benki nililolichukua nilipokuja kwenye msiba wa baba. Nalilipa mpaka mwakani. Kila harusi nitachanga dola 20, na nikimaliza nitachanga kwa furaha." Nilibonyeza kutuma, nikaificha simu chini ya mto. Jibu lilikuja asubuhi: "Marahaba mwanangu. Lipa kwanza. Harusi ina watu wengi." Nilikuwa nimeogopa ujumbe ule kwa miezi mitano.

Msibani huja pia waganga. Watakupigia simu kwamba wana dawa ya kulifuta deni. Sheria ya Marekani, tangu 2010, inayakataza makampuni yanayouza huduma hiyo kwa simu kutoza hata senti kabla hayajasuluhisha deni lako hata moja, kwa hiyo anayetaka pesa kwanza mfungie mlango. Kuhamishia deni kwenye kadi isiyo na riba kwa miezi kadhaa kunaweza kufaa, ila kuna ada, mara nyingi asilimia 3 hadi 5, na muda ukiisha mla matanga anarudi na njaa. Ukiona umezidiwa kabisa, nenda kwa washauri wa madeni wasiotafuta faida. Chama chao kikubwa, NFCC, kipo tangu 1951, na wanaweza kuongea na benki ikupunguzie riba. Na wewe mwenyewe piga simu benki uombe nafuu. Aliyepokea mara ya kwanza alinikatalia. Wiki mbili baadaye akapokea mwingine, akanirudishia faini ya kuchelewa. Dola 29 hizo zilikwenda kwa mkubwa jioni ile ile.

Wa kati alizikwa mwezi wa 11 wa kulipa. Tangu hapo dola 430 zote zikamwangukia mkubwa, na safari ikabadilika mwendo. Siku kikombe cha chai kilipoondoka na cha kahawa kikakaa mahali pake, nilikipiga picha nikamtumia dada. Akanijibu kwa picha ya kahawa yake. Mwisho ukaja wakati wa kijiko. Nilimchagulia kidogo kabisa, cha sukari.

Jambo moja kuhusu siku ya mwisho, nalisema kwa sababu mimi sikuambiwa. Ukiona sifuri usianue tanga bado. Riba ya zile siku kati ya taarifa ya benki na malipo yako iko njiani, na mwezi unaofuata itafika bahasha nyembamba. Yangu ilikuwa na dola 3 na senti 12. Aliyekwisha kusherehekea huitupa bahasha hiyo, kisha anapigwa faini kwa deni la vocha. Ingoje, ilipe, kisha piga simu uwaombe waisome akaunti kwa sauti.

Waliisoma Ijumaa moja ya Oktoba 2025. Wenzangu wawili walikuwa wamekuja, mandazi yalikuwa mezani, dada alikuwa kwenye spika ya simu kutoka Tanga na nyuma yake nilisikia watoto. Tulikunja mkeka pamoja, mimi nimeshika ncha moja na wa Kisumu nyingine. Dada akatuomba tunyamaze. Kisha, kwa sauti ya baba mdogo kabisa, akasema:

"Mwenye kumdai huyu ajitokeze."

Tulisubiri. Friji ilikuwa inanguruma. Hakujitokeza mtu.